Risasi za .375 kwa mnyama wa mbali: boksi nne, vigezo vile vile

Shemegi yangu wa Tanga ana kibali cha kuwinda na bunduki moja tu ya maana, .375 H&H yenye kitako kilichochubuka. Mwezi uliopita alinipigia simu nikiwa barazani Kuze, hapa Mombasa, kikombe cha kahawa tungu hakijafika mdomoni.

"Shemegi, niko dukani. Mbele yangu kuna boksi nne na zote zimeandikwa .375. Safari hii tunaenda kwenye nyika ya wazi, si vichakani. Nichukue ipi?"

Nikamwambia asilipe kitu, arudi nyumbani, tuzungumze jioni. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na kila mara muulizaji anataka jina moja la boksi. Jina moja sina. Nina maswali, na majibu yake hubadilika kwa mnyama, kwa mtutu na kwa mtu.

Niweke wazi kwanza nasimama wapi. Nilibeba bunduki za watu na kufuata nyayo kusini mwa Tanzania kwa misimu kadhaa kabla ya kurejea Mombasa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo yote ya porini ninayoyaeleza hapa ni ya upande wa pili wa mpaka wa Lunga Lunga, yaani Tanzania, kwa mtu mwenye kibali cha silaha na kibali cha mnyama anayemlenga. Aliye Mombasa na leseni yake atafaidika na sehemu ya uwanja wa shabaha. Kuvusha bunduki mpakani ni shughuli ya makaratasi ya serikali mbili, na hayo hayamo humu.

"Mbali" ni wapi?

Risasi ya .375 H&H ilitolewa London na Holland & Holland mwaka 1912. Kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, kina unene wa milimita 9.5, na uzito wa kawaida ni kati ya greni 235 na 300. Greni 300 ni kama gramu 19 na nusu, chuma kizito kuruka angani. Nchi nyingi za uwindaji Afrika zimeifanya .375 kuwa kima cha chini cha kumpigia nyati au tembo, ndiyo maana wengi wanayo, na kwa kuwa wanayo hiyo moja tu, wanaitumia pia kwa pofu, tandala na kongoni.

Kwa bunduki hii nikisema mbali nakusudia mita 200 hadi 300. Zaidi ya hapo sogea, tambaa, zunguka kichuguu. Na nyati hayumo kabisa katika hesabu ya mita 300. Nyati hupigwa karibu, na ukimjeruhi kwa mbali wewe ndiye utakayeingia kichakani kumtafuta.

Vigezo kabla ya boksi

Watu huanza na kasi iliyochapishwa ubavuni mwa boksi. Hiyo ni kasi ya mdomoni mwa mtutu, na mnyama hasimami pale. Kigezo changu cha kwanza ni kasi ambayo risasi itakuwa nayo *inapofika*, na kama kwa kasi hiyo kichwa bado kitafunguka. Kichwa cha kuwindia kimetengenezwa kipanuke ndani ya mwili. Kikifika kimechoka hakipanuki. Hupita kama msumari, tundu dogo huku na tundu dogo kule, na mnyama anakimbia kilomita nzima.

Cha pili ni kinyume chake: kichwa hicho hicho kitavumilia mita 40? Umepanga mbali, lakini pori halifuati mpango wako. Pofu atatokea nyuma ya mgunga umbali wa kurusha jiwe, na risasi itamkuta ikiwa na kasi karibu yote. Kichwa kilicholainishwa kwa ajili ya mbali kinaweza kusambaratika kwenye mfupa wa bega.

Cha tatu ni njia ya risasi, yaani inashuka kiasi gani na upepo unaisukuma kiasi gani. Cha nne ni makubaliano na mtutu wako, maana bunduki mbili za muundo mmoja huweza kupenda risasi tofauti. Cha tano ni bei, na kama utalipata boksi hilo tena mwakani.

Na kuna cha sita ambacho hutakisoma kwenye boksi lolote: kisu. Kwa sisi wa pwani tunaopiga bismillahi kabla ya kufyatua, haja ni kumfikia mnyama akiwa bado na uhai tumchinje. Mita 300 za nyasi za kiunoni, kwa tahadhari, na bunduki mkononi, ni mwendo wa dakika nne au tano. Huwezi kukimbilia mnyama mkubwa aliyejeruhiwa kama unayewahi feri ya Likoni. Hukumu ya aliyekufa kabla ya kisu waulize masheikh wako. Mimi nasema tu kwamba kigezo hiki peke yake kimewafanya wawindaji ninaowajua wafupishe umbali wao hadi mita 150, na hapo nusu ya mjadala huu ikawaishia.

Boksi la kwanza: laini ya kawaida

Hii ndiyo ya zamani kuliko zote. Moyo wake ni wa madini ya risasi, yale yale anayoyeyushia mvuvi chubwi lake, umefunikwa gamba jembamba la shaba na ncha imeachwa wazi. Huja kwa greni 270 yenye ncha kali kidogo, au greni 300 yenye kichwa cha mviringo.

Ikifika imechoka bado hufunguka, kwa sababu madini ya risasi ni laini. Hapo inaheshimika kuliko wengi wanavyodhani. Kasoro yake iko karibu. Niliwahi kumchuna kongoni aliyepigwa begani umbali wa mita 40 hivi, na kichwa tukakikuta chini ya ngozi ya upande wa pili. Kilikuwa kimebapa kama sarafu ya shilingi ishirini iliyokanyagwa na gari moshi, gamba limejitenga na moyo, na karibu na bega nyama nzima ilikuwa imejaa vipande vya kijivu. Kongoni alianguka, sina lawama. Lakini bega lile tulilitupa, na kama angekuwa pofu dume wa kilo 800 sijui kingefika wapi.

Kwa njia ya hewani, tofauti ya ncha ni kubwa. Greni 270 ya ncha kali hutoka kwa mita 820 kwa sekunde. Ukiiseti bunduki ipige katikati kwa mita 200, kwa mita 300 itakuwa imeshuka sentimita 30 hivi, na upepo wa ubavu wa kilomita 16 kwa saa utaisogeza robo mita. Greni 300 ya kichwa cha mviringo hutoka kwa mita 770, hushuka kati ya sentimita 35 na 40, na upepo ule ule huisukuma kama sentimita 35. Hii ya mviringo si mbaya. Imewekwa tu kwenye kazi isiyo yake.

Bei ndiyo ya chini kuliko zote nne, na ndiyo utakayoikuta mahali ambapo hakuna nyingine. Inamfaa mwenye kutaka kujizoeza sana, na mwindaji wa wanyama wa kati asiyepita mita 200.

Boksi la pili: yenye ukuta ndani

Mwaka 1948 Mmarekani John Nosler alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, na chumba cha madini ya risasi mbele na kingine nyuma. Cha mbele hufunguka, ukuta unazuia, cha nyuma kinaendelea kupenya. Kichwa kiitwacho Swift A-Frame kimefuata wazo hilo na kuongeza jambo: moyo wa mbele umeshikanishwa na gamba usichomoke.

Ukiniuliza ipi ina tabia nzuri karibu na mbali kwa pamoja, nitaielekeza hii mapema. Mbele ni laini, kwa hiyo hata kasi ikipungua hufunguka. Nyuma haivunjiki, kwa hiyo bega la karibu haliitishi. Kinachoiangusha ni hewa. Greni 300 ya aina hii si ya ncha kali sana, hutoka taratibu, na kwa mita 300 inashuka zaidi ya zile nyepesi za ncha kali, ingawa kwa nafuu kuliko ile laini ya mviringo. Lazima uwe umeijua njia yake kwa kuipiga, si kwa kubahatisha.

Bei iko juu. Baadhi ya mitutu huipenda sana, mingine huitawanya kidogo. Inamfaa mwenye boksi moja la safari nzima, ambaye asubuhi anaweza kumpiga pofu kwa mita 200 na jioni akakutana na nyati kwa mita 50.

Boksi la tatu: iliyoshikishwa, yenye ncha ya plastiki

Hapa moyo wote umeshikanishwa na gamba, na mbele kuna ncha ya plastiki inayokata hewa na kusukumwa ndani inapogonga ili kichwa kifunguke. Kwa .375 inayojulikana sana ni Nosler AccuBond ya greni 260. Watengenezaji hutoa namba ya uwezo wa kukata hewa. Ikikaribia moja hewa haiichoshi sana. Laini ya mviringo iko chini ya 0.3, hii inafika karibu 0.47.

Namba hiyo kwa mnyama maana yake ni hii: inatoka mdomoni kwa mita 835 kwa sekunde hivi, na kwa mita 300 bado ina 650 na kitu. Ile ya mviringo hapo imebaki na 525. Imeshuka robo mita tu, na upepo ule wa kilomita 16 umeisogeza sentimita 20. Kwenye nyika ya wazi, kaskazi ikivuma na kukatika, tofauti ya sentimita 15 ni tofauti ya moyo na tumbo.

Karibu je? Huvumilia, lakini hupoteza sehemu ya uzito wake, zaidi sana kuliko shaba. Kwa kongoni na tandala hilo halina neno. Kwa pofu mkubwa aliyesimama kimshazari, umbali wa mita 30, ningetamani niwe na nyingine mkononi.

Bei ya kati kwenda juu, na haipatikani kila duka. Inamfaa anayejua hakika kwamba uwanja wake ni wa wazi na wanyama wake si wa hatari.

Boksi la nne: shaba tupu

Hii nacheka kila ninapoieleza kwa Kiswahili, maana ni risasi isiyo na risasi. Kichwa kizima ni shaba, kina tundu mbele, na kikigonga hufunguka kama ua la majani manne. Kampuni ya Barnes ndio waliolifanya wazo hili lijulikane, na leo makampuni mengi yana yao. Jimbo la California lilizuia risasi zenye madini ya risasi kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa ajili ya ndege wanaokula mizoga, na zuio la namna hiyo limeisukuma biashara upande huu.

Karibu haina mpinzani. Bega, ubavu, bega la pili, inatoka nje, na ukiikuta uzito wake karibu wote upo. Nyama haina vipande vya kijivu, jambo la kufikiria kama watoto wataila.

Kwa mbali ndipo pa kuangalia. Shaba ni ngumu, na haifunguki kwa kubembelezwa: watengenezaji wengi huweka kima cha chini karibu na mita 550 kwa sekunde. Greni 250 yenye ncha ya plastiki, inayotoka kwa mita 830 hivi, inafika mita 300 ikiwa juu ya kima hicho kwa nafasi ya kutosha. Greni 300 ya shaba, inayotoka taratibu, inakaribia mpaka. Ndiyo sababu kwa shaba huwa nashauri uzito mdogo, na wazee hawapendi kusikia hivyo. Wao wamezoea kwamba kubwa ndiyo bora. Shaba haina uzito wa madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi, na kirefu kinahitaji kuzungushwa vizuri na mikato ya ndani ya mtutu. Bunduki nyingi za .375 H&H huzungusha mara moja kila inchi 12, na greni 250 au 270 ya shaba inatulia bila shida hapo.

Jambo jingine la mtutu: safisha kabisa mabaki ya risasi za aina nyingine kabla ya kuijaribu shaba. Shemegi aliwahi kuitukana boksi zima, kumbe mtutu ulikuwa mchafu.

Bei ni ya juu. Inamfaa anayepiga wanyama wenye mifupa mizito, anayetaka nyama safi, na anayekubali kutozidi mita 250 hadi 300.

(Kuna boksi la tano, zile ngumu zisizofunguka kabisa. Ni za tembo na nyati kwa karibu. Kwa mada hii ziache rafuni.)

Karatasi ya shabaha ndiyo inayoamua

Mwaka mmoja muuzaji mmoja alituuzia boksi mbili za jina moja, uzito mmoja, rangi moja. Tukaijaribu bunduki kwa boksi la kwanza: mita 100, matundu matatu yakagusana kama macho ya dafu. Tukafurahi, tukafunga vitu, tukaenda. Boksi la kwanza lilipokwisha, mteja akapiga chini ya kongoni mara mbili, akaanza kuilaumu darubini. Jioni tukabandika karatasi kwenye mti. Boksi la pili lilikuwa linapiga sentimita 7 chini na kushoto. Tukayageuza maboksi tukasoma namba ndogo ya toleo kwenye pindo: hazikufanana. Kwa mita 300, sentimita 7 hizo zinakuwa 21.

Tangu siku ile nanunua toleo moja kwa safari nzima, hata kama itabidi kuchukua aina ya pili kwa upendeleo. Boksi mbili za toleo moja: risasi kumi za kuseti, kumi za kupiga kwa mita 200 na 300 kwenye karatasi, ishirini za porini. Asiyeweza kuweka risasi tano ndani ya sahani ya chai kwa mita 200, kutoka kwenye mkao wa porini na si juu ya meza, tatizo lake si boksi. Kumbuka .375 inapiga bega karibu mara mbili ya .30-06, ile risasi ya kawaida ya kuwindia, na wengi hufumba macho kabla ya kufyatua na hawajui.

Joto nalo. Zile za mwanzo zilijazwa kodaiti, baruti ya nyuzi ndefu, na ganda likafanywa refu lenye mteremko litoke kirahisi kwenye chemba hata jua likiwa kali. Baruti za leo zimetulia zaidi, lakini boksi lililoachwa mbele ya kioo cha gari kuanzia Likoni hadi Horohoro litapiga kwa nguvu tofauti na lile lililokaa kivulini. Na upepo wetu wa chumvi hauna huruma: ganda la shaba ya njano likikaa kwenye droo ya nyumba ya ufukweni msimu mmoja tu, linaota madoa ya kijani shingoni. Lenye madoa usilitie kwenye bunduki. Weka zote kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kwa hali yako

Uwanja wa wazi, kongoni na tandala, mita 200 hadi 300, upepo mwingi: anza na iliyoshikishwa ya greni 260, kisha shaba ya 250.

Pofu, na huna hakika atatokea wapi: shaba ya 250 au 270, au yenye ukuta ya 300 kama umejiwekea mwisho wa mita 200.

Safari ya mchanganyiko ambamo nyati yumo: yenye ukuta ya 300, na umbali wa wale wengine uupunguze wewe.

Unatanguliza kisu: chochote ambacho mtutu wako unakipenda, kwa mita 150. Hapo hata laini ya kawaida ya 270 inatosha kwa wanyama wa kati, na fedha iliyobaki nunua boksi la pili la mazoezi.

Bajeti ndogo na uwanja wa shabaha tu, kama wengi wetu hapa Mombasa: laini ya kawaida, bila kuona haya.

Shemegi alichukua boksi mbili zenye ukuta, za toleo moja. Juzi amenitumia picha ya karatasi yake kwa mita 200: matundu matano, manne ndani ya sahani, la tano nje kwa upana wa vidole viwili. Nimemwambia apige tena tano Jumamosi, asubuhi kabla upepo haujaamka.